Kofia na Mofa

Kofia ya viua haifuliwi kama soksi. Anayebisha na aende Kibokoni akamwulize Bi Mwanaesha, na ajiandae kukaa kitako, maana pale hatoki kabla ya kikombe cha pili cha chai. Ataambiwa kwamba kofia hulowekwa kwanza, ikasuguliwa kwa mswaki laini kiua baada ya kiua, yaani kila kitundu kilichodariziwa, kisha ikachovywa katika kanji, ule uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochujwa kwa kitambaa. Halafu huvikwa kopo kubwa la maziwa ya unga lililogeuzwa kifudifudi, ikapandishwa paani ikakaukie juani. Paa la Mwanaesha ni la sakafu, tambarare, na asubuhi likijaa makopo yaliyovaa kofia utadhani kuna mabwana wamekaa chini wakisikiliza mawaidha. Nusu ya mabwana harusi wa mji huu wameoa na kofia zilizopita pale.

Lakini kanji ina tabia moja mbaya. Ikiwa mbichi, hunasa kila kipitacho. Chembe ya masizi ikitua hapo haibanduki ila kwa kufuliwa upya. Kwa miaka mingi Mwanaesha alikuwa akianika kofia kumi nyeupe na kuanua kumi zenye vidoa vyeusi, akarudi kwenye beseni huku akisonya. Na alimjua mchawi wake. Ukisimama ukingoni mwa paa lile ukachungulia chini, unauona ua wa jirani, katikati ya ua pana mofa, na juu ya mofa pana moshi. Mwanaesha hakuhitaji ushahidi mwingine. Pafukapo moshi pana moto, na penye moto pana Ummukulthum.

Mofa ni tanuri la udongo lenye umbo la mtungi mkubwa. Moto huwashwa ndani, mikate ya mtama ikabandikwa kwenye ubavu wake ikaiva huku imening'inia. Bi Ummukulthum aliirithi mofa ile kwa mamake, na mkate wake watu waliufuata hata kutoka mtaa wa Ganjoni. Yeye na Mwanaesha walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa kwa bakora moja, wakaolewa mwaka mmoja na wakawa wajane kwa kupishana miezi. Walikuwa mashoga wa kuazimana leso bila kuombana.

Kisha, miaka sita nyuma, kijana mmoja wa mtaa wa Tudor akaja asubuhi ya harusi yake kuchukua kofia, akaikuta ina madoa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mwanaesha alitahayari mpaka masikio yakamwasha. Wakati wa kwenda kubisha hodi kwa shoga yake na kuzungumza naye kwa upole ulikuwepo, na mlango ulikuwa hatua kumi tu. Yeye akaupita mlango huo, akaenda moja kwa moja kwa Maalim Aidarus, mwalimu wa chuo ambaye ndiye pia mpatanishi wa mtaa, akamshitaki Ummukulthum mbele ya kadamnasi, kijana wa watu akiwa kaishika kofia yake kama maiti ya ndege.

Maalim, ambaye magoti yake hayapatani na ngazi, hakupanda kutazama paa. Aliamua palepale barazani kwamba mofa isiwashwe mpaka baada ya sala ya Alasiri, kofia zikishaanuliwa. Ummukulthum aliitika kwa adabu, akaenda zake. Kuanzia siku hiyo mkate wa asubuhi, ule uliokuwa ukiliwa moto moto na supu, ukafa Kibokoni, na salamu kati ya wanawake wawili zikabaki za kutikisa kichwa. Madoa, ajabu, hayakupungua. Mwanaesha alisema ni moshi wa jana uliolala hewani.

Mwaka ule wa barakoa, kabla mambo hayajaharibika, Ummukulthum akatangaza kwamba amechoka. Ramadhani ikiisha atahamia Tudor kwa bintiye, na Kalama, fundi mwashi, atakuja kuibomoa mofa, kwa sababu mpangaji mpya hataki tanuri uani. Aliyeleta habari alileta na maneno yenyewe: "Mwambieni Mwanaesha namwachia anga lake." Mwanaesha aliposikia hayo alihisi kitu kimemkaba kifuani. Alisema ni gesi, akanywa maji ya tangawizi, na kile kitu hakikuondoka.

Basi maradhi yakaingia, na mtaa ukafungwa. Vizuizi viliwekwa kwenye njia zote, aliye ndani asitoke na wa nje asiingie. Barabara pana ya nyuma ya nyumba ya Mwanaesha, ambako malori hushusha marobota na tuktuk hungoja abiria bila kuzima injini, ikawa tupu kiasi cha paka kulala katikati yake. Nayo mofa ilizimwa, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamejifungia ndani. Mofa na barabara vilinyamaza siku ileile moja, na hapo ndipo Mwanaesha alipoponzwa.

Wiki ya kwanza kofia zilitoka nyeupe pe. Wiki ya pili vilevile. Mwanaesha alimwita paani mpangaji wake wa chini, Rispah, msichana wa bara aliyekuwa karani katika ofisi moja ya bandarini na sasa akifanyia kazi kitandani kwa simu, ili awe shahidi. Mofa imezimwa, kofia zimetakata, je, kuna aliye na neno? Rispah alizitazama kofia, akasema kwa upole kwamba hata blauzi zake za kazini siku hizi zinakauka bila vumbi jeusi kolani. Akaongeza kwamba chumba chake, ambacho jioni kilikuwa kikipumua joto la ukutani kama mgonjwa wa homa, sasa analala bila feni. Alikuwa amesoma kwamba miji mingi duniani, magari yalipoegeshwa na viwanda vikapungua, hewa ilitakata na hata ardhi yenyewe ikapoa kidogo. Mwanaesha alimwambia mwanangu, kusoma sana kunaharibu macho.

Hata hivyo, paa nalo lilikuwa na vituko vyake. Zamani saa sita za mchana hukanyagi pale bila champali miguuni, na ukithubutu utacheza ngoma usiyoijua. Sasa alipita peku, taratibu, kama yuko sebuleni. Kofia zilizokuwa zikikauka kabla ya adhana ya Adhuhuri sasa zilitaka zingojewe karibu na Alasiri. Mara ya kwanza alizianua kwa mazoea, na zote kumi zikamlegea mikononi kama mkate wa mayai uliotolewa mapema. Alilalamika kwamba hata jua limewekwa karantini. Hakutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Mtaa ukiwa bado umefungwa, Ramadhani ikaingia, na watu wa Kibokoni wakaanza kuota mkate wa mofa. Walimlilia Ummukulthum madirishani. Maalim Aidarus, aliyekuwa akiota kuliko wote, aligundua kwamba hukumu yake ya miaka sita ilikuwa na upenyo wakati wa dharura. Mofa iwashwe baada ya Adhuhuri, alisema, ili mkate uwahi futari. Mwanaesha hakupinga. Kusema kweli alifurahi, na furaha yake haikuwa nzuri. Alikuwa na kofia kumi na mbili za Idd paani, mbichi, zinang'aa kanji. Akavuta kigoda akakaa, angojee madoa.

Moshi ulipanda mzito na mweupe, ukavuka ukuta, ukapita katikati ya makopo kama mgeni anayesalimia watu mmoja mmoja. Mwanaesha akakohoa kwa kuridhika. Wakati wa kuanua ulipofika, akainua kofia ya kwanza. Nyeupe. Ya pili, nyeupe. Juu ya ya tatu palikuwa na majivu mepesi, akayapuliza, yakaenda zao. Zote kumi na mbili zilikuwa safi kama zimeshonwa leo.

Alisema ni mvua ya masika, imesafisha hewa. Kesho yake hakukunyesha, na kofia zikatoka nyeupe. Akasema ni upepo wa kusi, unauchukua moshi kwingine, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa yakimtoka machozi kwa moshi huohuo. Siku ya tatu akaamua kukata mzizi wa fitina. Alichukua kofia moja ya marehemu mumewe, akaichovya katika kanji nzito kama uji wa mgonjwa, akaenda ukingoni, akaunyosha mkono nje ya ukuta na kuishika kofia katikati ya moshi, juu kabisa ya mofa. Alisimama hivyo, na saumu yake, kwa muda wa kuiva mikate miwili.

Chini uani Ummukulthum aliinua uso. Alimwona mwanamke mzima aliyefunga Ramadhani, macho mekundu, pua inamtiririka, amenyosha kofia hewani kama anayeomba sadaka kwa malaika. Walitazamana. Ummukulthum akainamisha kichwa, akarudi kwenye donge lake la unga, na mabega yake yakatikisika kidogo. Mwanaesha aliivuta kofia ndani. Ilinukia kuni, tamu, kama ilivyokuwa ikinukia nyumba ya mamake Ummukulthum walipokuwa wadogo. Doa hakuna.

Hapo Mwanaesha akajua, na akatamani asingejua. Aliifungia kofia ile kabatini chini ya shuka za wageni. Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kutafuta kazi ya kufanya, akipiga deki pasipo uchafu. Rispah alipomletea mkate wa mofa wa futari alisema hana hamu, kisha akaula wote peke yake jikoni akiwa amesimama, na kila tonge lilimshuka kama kisu. Miaka sita ya asubuhi bila mkate ule. Miaka sita bila kuita jina la shoga yake kupitia ukutani. Na kosa lenyewe lilikuwa la barabara.

Idd ikafika, na watu, kwa kuwa hawakuweza kutembeleana, wakaombana radhi kwa simu. Ilikuwa fursa iliyotumwa na Mola mwenyewe. Mwanaesha aliketi na simu mkononi tangu chai ya asubuhi. Mwishowe alimtumia Ummukulthum ujumbe uleule aliowatumia watu arubaini: Tusameheane tulilolijua na tusilolijua. Jibu lilirudi na maneno yaleyale. Mwanaesha aliyasoma mara tatu akitafuta kitu ndani yake, hakukiona, akajiambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na kile kitu cha kifuani kilijua.

Tangu jioni ile ya Idd mofa haikuwashwa tena, kwa kuwa Ummukulthum alikuwa akifunga mizigo. Wiki mbili baadaye vizuizi vikaondolewa. Alfajiri hiyo tuktuk ya kwanza ilipita nyuma ya nyumba ikipiga honi kama inayopeleka bibi harusi, na kabla ya saa nne malori yalikuwa yamejipanga, yananguruma, yanatema moshi mweusi. Mji uliamka na njaa ya kelele. Siku ya tatu ya kufunguliwa, Mwanaesha akapanda kugeuza makopo, na mguu wa kwanza ulipogusa sakafu akaruka. Paa lilikuwa limerudia ujeuri wake. Alikwenda kwa kudonoadonoa mpaka kwenye kofia, akainua moja. Ilikuwa na madoa manane.

Alilisugua moja kwa kidole, likapakaa kama grisi. Akalinusa. Dizeli tupu, mtu hahitaji kwenda shule kuijua. Kisha akachungulia uani kwa shoga yake, mofa imekaa baridi, mdomo wazi, majani ya mwembe wa jirani yameingia ndani. Na kando yake alisimama Kalama na mtaimbo, anatemea mate viganja.

Pigo la kwanza lilipolia, Mwanaesha alikuwa kwenye ngazi. Alipita kabatini, akachomoa kofia ya mumewe chini ya shuka za wageni, akatoka mlangoni peku, nyayo zinamwaka, kofia mbili mkononi. Uani kwa Ummukulthum palikuwa na watu kiasi: Maalim Aidarus aliyekuja kumwombea dua ya safari, Rispah akifunga mikeka, na majirani sita saba, wote wana barakoa videvuni. Alikuwa na nafasi ya kumvuta Ummukulthum pembeni akamnong'oneza. Aliifikiria nafasi hiyo kwa hatua mbili nzima. Lakini mashitaka hayakuwa ya kunong'ona.

"Kalama, babangu, tua huo mtaimbo," alisema. Kisha akamgeukia Maalim. "Maalim, n'likuja kwako miaka sita nyuma n'kamshitaki Ummukulthum mbele za watu. Yeo n'mekuja kuyafuta, na watu ni hawahawa."

Akainua kofia nyeupe. Akaeleza jinsi alivyoishika kwa mkono wake katikati ya moshi wa mofa, mtaa umefungwa, hakuna gari hata la dawa. Akainua na ile ya madoa, aliyoianua sasa hivi, na mofa ina wiki mbili haijaona kijiti. Akaipitisha wainuse. Ilikwenda mkono kwa mkono, na kila aliyeinusa alikunja uso na kutazama barabarani.

"Basi moshi ulion'chafulia haukutoka hapa hata siku moja," alisema. "Nami n'lijua tangu Ramadhani. N'kanyamaza. Hilo ndilo kubwa zaidi."

Maalim Aidarus aliirudisha kofia, akajikohoza. Alisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kwamba hata yeye leo inambidi achutame, kwa kuwa alihukumu juu ya paa asilolipanda. Aliomba tu asichutame kweli, kwa ajili ya magoti. Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza upesi, kwa sababu Ummukulthum hakuwa amecheka.

Alikuwa amesimama kando ya mofa, mkono wake juu ya mdomo wa tanuri.

"N'lijua, Mwanaesha," alisema. "Siku ile ulipotokeza ukutani na kofia yako, mato mekundu, nusura n'tumbukie mofani kwa kucheka. N'kasema, haya, leo amejionea, kesho atabisha hodi. N'kangoja. Siku ya Idd n'livaa mapema, n'kangoja. Ukan'letea salamu ya watu wote." Akapangusa vumbi la mtaimbo kwenye mdomo wa mofa. "Mimi ni watu wote, shoga?"

Mwanaesha alilia. Hakulia kwa kuficha uso kama watu wakubwa, alilia kama alivyokuwa akilia chuoni akichapwa, kamasi na kila kitu, akisema nisamehe Ummu, nimekukosea, nisamehe. Lile jina, Ummu, lilikuwa halijatoka kinywani mwake miaka sita. Ummukulthum akavuta ncha ya mtandio wake mwenyewe akamfuta nayo, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kalama aliuliza kama aendelee au aende zake. Hapo ndipo wote walipokumbuka lile pigo la kwanza. Mofa ilikuwa na ufa, kutoka mdomoni mpaka karibu na tumbo. Kalama alisema, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba udongo wa kichuguu ukikandwa vizuri utaufunga, ila kuna kazi. Ummukulthum alitazama mikono ya Mwanaesha, ile mikono laini iliyooshwa na sabuni na kanji maisha yake yote.

"Mkono uliotaka mofa ivundwe," alisema, "ndio utakaoikandika."

Basi siku hiyo Tudor hakukwendwa, na mpangaji mpya akapigiwa simu atafute ua mwingine. Kwa siku mbili watu wa Kibokoni walimwona Bi Mwanaesha, aliyekuwa akimfokea mtu kwa kugusa kofia na kidole kibichi, amekaa uani kwa shoga yake na udongo mpaka kwenye viwiko, huku Ummukulthum, amekaa juu ya mzigo ambao ulikuwa bado haujafunguliwa, anamwonyesha alipokosea. Maalim alipita mara nne kuuliza itakauka lini. Wakati huo Mwanaesha alikwisha kumwarifu kwamba ana kesi nyingine ya kuleta barazani, dhidi ya tuktuk na malori ya barabara ya nyuma, na safari hii mashahidi atawapandisha ngazi kwanza. Maalim alisema atamwombea.

Asubuhi mofa ilipowashwa tena, hukumu ya Alasiri ikiwa imefutwa, jua lilikuwa bado halijavuka ukuta. Paani palikuwa na kofia kumi na nne, mbichi za kanji. Moshi ukapanda, ukavuka, ukaanza kupita makopo moja baada ya jingine. Rispah, aliyekuwa akitoka kwenda kazini, aliuona kutoka chini, akaita kwa wasiwasi kwamba Bi Mwanaesha, kofia, kofia ziko juu.

Mwanaesha alikuwa mlangoni na sahani mkononi, anavuka zile hatua kumi kwenda kuchukua mkate wa kwanza. Aliinua macho akautazama moshi wa Ummukulthum ukitembea katikati ya kofia zake, akabisha hodi, akaingia. Hakuanua hata moja.